Uingereza Ilivyokula Mbegu ya Magari Yake

Msomaji mmoja wa Iringa ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yangu alituachia Land Rover 109 aliyokuwa akibebea mahindi kutoka shambani Ismani, na hadi leo bado inawaka. Nilipokuwa mdogo, magari niliyoyaona yalikuwa Land Rover, Austin, Morris, Bedford na mabasi ya Leyland. Leo ukisimama barabarani saa nzima unahesabu Toyota. Kijiweni tunabishana: mmoja anasema viwanda vya Waingereza viliuawa na migomo ya wafanyakazi, mwingine anasema Wajapani ndio waliowamaliza. Ukweli ni upi? Na je, Land Rover za siku hizi bado ni za Kiingereza?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kupata swali hili, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi ndilo linalowafanya mbishane.

Wenzako wote wawili wana hoja, ila wameanza kusimulia habari hii katikati. Migomo ilikuwapo, na Wajapani walikuja, lakini vyote viwili vilimkuta mgonjwa amekwisha kulazwa. Ninachokiamini, baada ya kufundisha historia ya viwanda kwa miaka mingi, ni kwamba viwanda hivyo vilifilisika kama anavyofilisika mkulima anayekula mbegu. Katika miaka ya mavuno mazuri fedha iliingia, ikagawanywa, ikatumika kuziba mashimo ya hapa na pale, na msimu mwingine ulipowadia hapakuwa na cha kupanda. Katika kazi ya magari, mbegu ni gari lijalo. Gari jipya huhitaji miaka minne au mitano ya usanifu, majaribio na mashine mpya kabla halijauzwa hata moja, na gharama hiyo yote hulipwa na gari linalouzwa leo. Gari la leo lisipoacha faida ya kutosha, lijalo halitazaliwa, au litazaliwa na kasoro.

Kabla sijaendelea nirekebishe jambo moja. Uingereza haijaacha kutengeneza magari. Nissan wanatengeneza Sunderland, Toyota wanatengeneza Burnaston, BMW wanatengeneza Mini pale Oxford, na Range Rover bado inatoka Solihull. Kilichotoweka ni magari ya watu wengi yaliyosanifiwa, kumilikiwa na kuundwa na Waingereza wenyewe. Huo ndio msiba unaouulizia.

Ili uone ukubwa wa anguko lenyewe, anza na mwaka 1950. Mwaka huo Uingereza ilitengeneza magari madogo takriban 523,000, na kati ya hayo karibu 398,000 yaliuzwa nje. Hakuna nchi nyingine duniani, hata Marekani, iliyouza nje magari mengi kiasi hicho. Viwanda vya Ujerumani na Italia vilikuwa vimeharibiwa na vita, Wamarekani walikuwa wakishibisha soko lao wenyewe, na serikali ya London, iliyokuwa na madeni makubwa ya vita na njaa ya fedha za kigeni, iligawa chuma kwa mgawo na kuwapendelea wenye viwanda waliouza nje. Gari lolote lililoweza kutembea lilipata mnunuzi. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa sehemu ya soko hilo, na hazikuwa na chaguo pana.

Land Rover ya baba yako ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Kampuni ya Rover ya Solihull, karibu na Birmingham, ilikuwa ikitengeneza magari ya watu wenye nafasi na haikupata chuma cha kutosha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, akabuni gari la shambani lenye bodi ya aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu ndiyo iliyopatikana bila taabu, na likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Ndiyo maana bodi ya 109 yako haijaoza kwa miaka yote hii, ingawa chesi yake, ambayo ni ya chuma, huliwa na kutu kama nyingine yoyote. Gari hilo lilikusudiwa liwe la kuvukia siku mbaya tu, lakini muda si mrefu likawa linauzwa kuliko magari mengine yote ya kampuni hiyo.

Hatari ya soko la namna hiyo ni kwamba linamfundisha muuzaji mambo mabaya. Mtu ambaye kila atakachotengeneza kitanunuliwa hajifunzi kusikiliza lawama za mnunuzi, hajengi ghala za vipuri nchi za mbali, wala hafundishi mafundi kabla ya kupeleka gari. Wakati Waingereza wakiuza bila jasho, kiwanda cha Volkswagen kule Wolfsburg kilikuwa chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza, na aliyekifufua alikuwa ofisa wa Kiingereza, Meja Ivan Hirst. Wenye viwanda wa Uingereza walipewa nafasi ya kulichunguza lile gari dogo la mgongo wa mviringo, wakaona halina thamani kibiashara. Wajerumani wakalishika, wakaliboresha mwaka hadi mwaka bila kubadili umbo lake, na kila nchi walikoliuza walihakikisha vipuri na mafundi vipo. Mwaka 1956 Ujerumani Magharibi iliipita Uingereza kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, na tangu hapo Uingereza haikuikaribia tena.

Sasa niingie kwenye kiini cha jambo, yaani hesabu. Mwaka 1952 kampuni mbili kubwa zilizokuwa mahasimu, Austin ya Longbridge na Morris ya Cowley, ziliungana zikawa British Motor Corporation, iliyojulikana kwa kifupi kama BMC. Ziliungana kwenye karatasi. Mawakala wa Austin walibaki wakishindana na mawakala wa Morris katika mji mmoja, na ili kila wakala apate cha kuuza, gari lile lile lilibidi litolewe kwa majina mengi. Gari lao lililopendwa kuliko yote miaka ya 1960, lile la 1100, liliuzwa kama Austin, Morris, MG, Wolseley, Riley na Vanden Plas, kila moja likiwa na pua yake, viti vyake na matangazo yake. Mnunuzi alikuwa mmoja, lakini gharama zilikuwa za watu sita.

Mini ilitoka Agosti 1959, ikiwa imesanifiwa na Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna, katika Uturuki ya sasa. Ni mojawapo ya kazi bora za uhandisi za karne iliyopita: injini imelazwa kwa upana, gia boksi imewekwa chini ya injini ndani ya oili ile ile, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari, hata watu wanne wakakaa katika chombo chenye urefu wa mita tatu tu. Karibu magari yote madogo unayoyaona leo, ikiwamo Vitz na IST zinazojaa barabara zetu, yamefuata mpango huo wa kulaza injini kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. Lakini ilitangazwa kwa bei isiyofika pauni 500. Washindani wao wa Ford waliinunua moja, wakaifungua nati kwa nati wakipiga hesabu ya kila kipande, wakahitimisha kwamba BMC ilikuwa ikipoteza takriban pauni 30 kwa kila gari. BMC walipinga hesabu hiyo. Hata tukikubali ubishi wao, hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba Mini iliacha faida ya maana katika miaka yake ya kwanza, na ziliuzwa zaidi ya milioni 5 hadi mwaka 2000.

Mambo hayo mawili lazima yakae pamoja akilini. Gari lililofundisha dunia nzima namna ya kusanifu magari madogo halikumwachia mwenyewe fedha ya kusanifu la pili. Ford ya Uingereza, kwa upande wake, ilitoa Cortina mwaka 1962, gari la kawaida kabisa lisilo na ubunifu wowote wa kustaajabisha, lakini kila boliti yake ilikuwa imepangiwa bei kabla haijafungwa. Cortina iliacha faida, faida ikazaa Cortina ya pili, ya tatu na ya nne. Nikiulizwa ni wapi hasa mbegu ilianza kuliwa, nitaonyesha hapo.

Serikali nayo ilichangia, na kwa nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maeneo ya Scotland na Merseyside yalikuwa na watu wengi wasio na kazi, kwa hiyo serikali ilizinyima kampuni vibali vya kupanua viwanda katika miji ya magari na kuzisukuma zijenge huko. Kampuni ya Rootes ya Coventry ilijenga Linwood, karibu na Glasgow, kiwanda cha gari dogo la Hillman Imp, kilichofunguliwa mwaka 1963. Aluminiamu ya injini ilikuwa ikiyeyushwa na kumiminwa Linwood, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 400 kwenda Coventry kuchongwa na kufungwa, kisha injini ikarudishwa Linwood kuingizwa kwenye gari, na magari mengi yaliyokamilika yakateremshwa tena kusini kwa wanunuzi. Rootes haikuweza kubeba mzigo huo. Chrysler ya Marekani iliitwaa mwaka 1967, nayo ikaiuzia Peugeot ya Ufaransa mwaka 1978, na Linwood ikafungwa mwaka 1981. Juu ya hayo, kila fedha ya nchi ilipoyumba, Wizara ya Fedha ilikuwa na desturi ya kupandisha kodi ya magari na kuongeza malipo ya awali kwa wanunuzi wa mkopo, na hali ikitengemaa inalegeza tena. Kiwanda kilichojipanga kutengeneza magari mengi mwaka huu kilijikuta mwakani hakina wanunuzi. Katika hali hiyo mkurugenzi mwenye tahadhari huahirisha kununua mashine mpya, na wengi waliahirisha.

Kisha ukaja muungano mkubwa wa mwaka 1968. Serikali ya Harold Wilson, pamoja na waziri wake wa teknolojia Tony Benn, iliamini kwamba nchi inahitaji kampuni moja kubwa ya kushindana na Volkswagen na Fiat. Leyland, kampuni ya malori na mabasi iliyochukua jina la mji wake mdogo wa Lancashire, ilikuwa imekwisha kuzinunua Triumph na Rover. Sasa iliunganishwa na BMC, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Jaguar, na kiongozi wake akawa Donald Stokes, muuzaji hodari wa mabasi. Ikazaliwa British Leyland, yenye karibu asilimia 40 ya soko la magari la Uingereza na viwanda makumi vilivyotapakaa nchi nzima. Wakubwa wa Leyland walipofungua makabati ya wenzao walikuta hakuna magari mapya ya maana yaliyokuwa yakiandaliwa.

Hapa ndipo palipohitajika uamuzi mgumu, na haukufanywa. Rover 2000 na Triumph 2000, magari mawili ya daraja moja yaliyotoka mwaka mmoja, 1963, na kushindania mnunuzi yule yule, yaliendelea kutengenezwa na kampuni moja hadi katikati ya miaka ya 1970. MG na Triumph ziliendelea kunyang'anyana wanunuzi wa magari ya michezo. Hakuna aliyethubutu kufunga kiwanda, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mbunge wake. Na katika miaka hiyo ambayo mitambo ilikuwa imechakaa, karibu faida yote iliyopatikana tangu muungano ilitolewa kwa wenye hisa kama gawio. Tume iliyoongozwa na Don Ryder mwaka 1975 ilipoichunguza kampuni, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yale iliyoyalaumu waziwazi.

Sasa nimjibu yule wa migomo. Migomo ilikuwa mingi mno, na sina nia ya kuipunguza. Lakini mwulize kwa nini ilikuwa mingi. Viwanda vya Midlands, eneo la kati la Uingereza, vililipa kwa kipande, kama vibarua wa mashamba ya mkonge walivyolipwa kwetu. Kila kazi, hata kufunga mlango mmoja, ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ilijadiliwa baina ya msimamizi na mwakilishi wa wafanyakazi wa idara ile. Maana yake ni kwamba kila gari jipya, na kila mashine mpya, ilifungua upya majadiliano ya mamia ya bei, na idara moja ndogo ikigoma kwa siku mbili kiwanda kizima kinasimama kwa kukosa kipande kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 British Leyland iliondoa utaratibu huo na kuweka mshahara wa siku. Nia ilikuwa nzuri, ila wasimamizi hawakuwa wamewahi kusimamia kasi ya kazi, kwa kuwa kasi ilisimamiwa na kipande chenyewe. Kipande kilipoondoka, hapakuwa na aliyejua kuendesha zamu. Ukiongeza mfumuko wa bei wa miaka ile, vyama vingi ndani ya kiwanda kimoja, na juma la kazi la siku tatu ambalo serikali ililiweka mwanzoni mwa mwaka 1974 kwa uhaba wa umeme, utaona mgomo ulikuwa lugha ya kila siku.

Nisiache kusema kwamba mingine ilikuwa ya haki. Mwaka 1968 wanawake washonaji wa viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham waligoma kwa sababu kazi yao ilipangwa daraja la wasio na ujuzi na kulipwa chini ya wanaume, na mgomo wao ulichangia kupatikana kwa sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970. Ford iligomewa sana, lakini haikufa kwa migomo, kwa sababu ilikuwa na magari yenye faida. Na mwaka 1986 Nissan ilipoanza kutengeneza magari Sunderland, mji wa wajenzi wa meli na wachimba makaa waliokuwa wamepoteza kazi, wafanyakazi wale wale wa Kiingereza, wakiwa na chama kimoja na wasimamizi waliojua kazi, walikifanya kuwa miongoni mwa viwanda vyenye tija kubwa Ulaya. Katika miaka yake mizuri kilitoa magari karibu nusu milioni. Anayesema mfanyakazi wa Kiingereza alikuwa mvivu hana budi kunieleza Sunderland.

Kuhusu Wajapani, mwenzako atashangaa kusikia kwamba ndani ya Uingereza kwenyewe walizuiwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikubali kutovuka takriban asilimia 11 ya soko la huko. Aliyelichukua soko la nyumbani la British Leyland alitoka Ulaya. Ushuru wa magari ya nje, uliokuwa karibu asilimia 30 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulipunguzwa hatua kwa hatua, na Uingereza ilipoingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973 ukuta uliobaki kati yake na Ufaransa, Ujerumani na Italia ukaanza kuondolewa. Mwaka 1970 gari moja tu kati ya saba yaliyouzwa Uingereza lilitoka nje. Muongo ulipokwisha yalikuwa zaidi ya nusu, na mengi kati ya hayo yaliletwa na Ford na Vauxhall (tawi la General Motors ya Marekani nchini Uingereza) wenyewe kutoka viwanda vyao vya Ujerumani, Ubelgiji na Hispania. Mwaka 1972 Uingereza ilitengeneza magari madogo milioni 1.92, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia yake, na miaka kumi baadaye ilitengeneza takriban 888,000. Sehemu ya British Leyland katika soko ilishuka chini ya asilimia 20.

Wajapani walipowashinda Waingereza hasa ni huku kwetu, na hapa Land Rover yako inarudi kwenye habari. Kwa miaka mingi ya 1960 na 1970 Solihull haikuweza kutimiza oda za Land Rover, na wanunuzi wa nchi za nje walisubiri kwa miezi. Mwaka 1976 ilitoka Land Rover ya milioni moja. Hiki kilikuwa kitu pekee katika British Leyland ambacho dunia ilikipangia foleni, na busara ya kawaida ingesema fedha yake irudishwe kwenye mashine zake, ipewe injini kubwa zaidi, shafti imara zaidi na springi bora zaidi. Fedha hiyo ilikwenda kulipia hasara za magari madogo, Austin Allegro na mengineyo, na Land Rover ikaendelea kutolewa karibu kama ilivyokuwa. Fundi yeyote mzee wa Iringa atakukumbusha shafti za ekseli ya nyuma zilizokatika mlimani gari likiwa limebeba, na injini ya lita 2.25 iliyopanda kwa kunung'unika. Toyota waliokuja na Land Cruiser walileta injini ya silinda sita ya lita karibu 4, ekseli ambazo hazikukatika, na vipuri vilivyofika. Kwa mkulima, kwa hospitali ya misheni, kwa mradi wa maji, hilo halikuwa suala la mapenzi kwa taifa fulani. Gari lililorudi nyumbani ndilo lililonunuliwa tena. Datsun nazo zilijijengea jina kwa kushinda Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, mbele ya macho ya watu wetu waliojipanga kando ya barabara. Serikali ya Uingereza ilipotenga fedha za kuipanua Solihull mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuifanya Land Rover kampuni inayojitegemea ndani ya kundi mwaka 1978, wanunuzi wa Afrika na Australia walikuwa wamekwisha kuzoea jina jingine. Mimi huona hili ndilo kosa lisilo na udhuru kuliko yote, kwa sababu hapakuwa na mgomo wala ushuru uliolilazimisha.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1975 kampuni ilitaifishwa kwa sababu ilikuwa imeishiwa fedha. Mwaka 1977 akaletwa kuiongoza Michael Edwardes, aliyezaliwa Afrika Kusini, akafunga viwanda kadhaa, na mwezi Novemba 1979 kampuni ikamfukuza Derek Robinson, kiongozi mashuhuri wa wafanyakazi wa Longbridge. Wafanyakazi walipoulizwa kama wagome kumtetea, karibu 14,000 walikataa na 600 hivi tu wakakubali, jambo linaloonyesha kwamba wenyewe walikuwa wamechoka. Mwishoni mwa mwaka huo huo British Leyland ilitia saini mkataba na Honda, ikaanza kutengeneza magari yaliyosanifiwa Japani na kuyapa majina ya Kiingereza. Upande wa malori uliunganishwa na DAF ya Uholanzi mwaka 1987, na jina la Leyland leo unaliona zaidi kwenye magari ya Ashok Leyland ya India, iliyofundishwa kazi na Waingereza na sasa imemwacha mwalimu wake mbali. Magari madogo, yaliyopewa jina la Rover, yaliuzwa kwa kampuni ya ndege ya British Aerospace mwaka 1988, kisha kwa BMW mwaka 1994 kwa pauni milioni 800. Uuzaji huo uliwaudhi Honda, waliokuwa mshirika pekee aliyewasaidia kusimama. Mwaka 2000 BMW wakakata tamaa: wakabaki na Mini, wakaiuzia Ford Land Rover, na Rover yenyewe wakaitoa kwa kundi la wafanyabiashara wa Midlands kwa pauni 10. Mwezi Aprili 2005 Longbridge ikasimama na watu zaidi ya 6,000 wakapoteza kazi. Mitambo na jina la MG vilichukuliwa na Wachina, na magari ya MG yanayouzwa Uingereza leo, mengi yakiwa ya umeme, yanateremshwa bandarini kutoka China.

Hata viwanda vya wageni vilivyobaki haviko salama. Ford iliacha kutengeneza magari madogo Uingereza mwaka 2002, Honda ikafunga Swindon mwaka 2021, na mwaka 2022 nchi nzima ilitengeneza magari 775,014 tu, idadi ndogo kuliko yoyote tangu mwaka 1956. Kiwanda kinachomilikiwa na mtu wa mbali huamuliwa na mtu wa mbali, na akipata hesabu nafuu zaidi mahali pengine hana kaburi la babu yake pale la kumzuia.

Swali lako la mwisho lina jibu la pande mbili. Mwaka 2008 Ford iliziuza Jaguar na Land Rover kwa Tata Motors ya Mumbai kwa dola bilioni 2.3, na Tata wamewekeza humo kuliko mmiliki yeyote wa Kiingereza alivyowahi kufanya. Wahandisi wanaosanifu bado wako Gaydon, katika mkoa wa Warwickshire, na Range Rover hutoka Solihull kama zamani. Land Rover ya sura ile ya baba yako, iliyokuja kuitwa Defender, ilitolewa kwa mara ya mwisho Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender ya sasa hutengenezwa Nitra, nchini Slovakia, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2018. Kwa hiyo chesi ya 109 yenu ikiliwa na kutu, unaweza bado kuagiza nyingine mpya, iliyopakwa zinki, kutoka karakana ndogo za Uingereza zinazoishi kwa kazi hiyo; lakini Defender mpya itakayokupita ikielekea Ruaha haikuwahi kugusa ardhi ya Solihull.